Mrejesho: nimefumua gauni la kitenge bila kulitoboa

Wapendwa, wiki iliyopita niliuliza nifumueje ubavu wa gauni la mama, maana wembe ulikuwa umeshatoboa kitenge karibu na zipu. Nimenunua kifumulio, kifaa kidogo cha kukatia nyuzi za mshono, chenye ncha mbili, ile fupi ina kidonge chekundu. Nilichagua chenye mpini mnene, hakitelezi mkononi.

Nimefuata ushauri wa dada aliyesema nisikimbilie kupasua: upande mmoja nikakata uzi kila baada ya mapigo manne ya sindano, nikageuza nguo, nikavuta uzi wa upande wa pili. Ukatoka mzima, mrefu kama mkono wangu! Kitambaa hakina hata mkwaruzo.

Ovaloki, ule mshono wa ukingoni unaozuia kitambaa kufumuka, ndiyo iliyonichosha, nyuzi zake ni nyingi mno. Mama analijaribu gauni Jumamosi. Asanteni sana, kweli mmeniokoa.