Naomba ushauri: mwenyeji wangu wa Istanbul amenipangia kila siku

Mgeni Njiani: Ndugu wanajukwaa, Ijumaa nitafika Istanbul kwa siku tano kumtembelea rafiki wa tangu chuoni, ambaye anaishi na mkewe Kadıköy, upande wa Asia. Amekwisha kunipangia ratiba: Jumapili Soko Kuu, Jumanne kasri la Topkapı. Mimi napenda kutembea peke yangu. Nitamwambiaje asiudhike?

Babu Safari: Anza na Hagia Sophia, iliyokamilika mwaka 537 ikiwa kanisa, ikageuzwa msikiti mwaka 1453, kisha makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena. Usiende Ijumaa adhuhuri. Mimi nilifika wakati wa swala, nikaishia kuwapiga picha paka wa barabarani.

Mama Adabu: Wahenga walisema mgeni aje mwenyeji apone, wewe unataka mwenyeji augue.

Kalamu Nyeusi: Mbona ung'ang'anie kuwa peke yako? Kuna jambo hujalisema.

Mgeni Njiani: Basi niseme. Nimekwisha kulipia chumba Sultanahmet, upande wa Ulaya, na fedha hairudishwi. Rafiki huyo alinikopesha miaka mitatu iliyopita, sijamlipa, na naona haya kulala kwake. Msiniambie kwamba nauli ingetosha kulipa deni, kwa maana tiketi ilikuwa ya bei nafuu mno na kuiacha ingekuwa hasara.

Babu Safari: Dawa ya deni ni kulipa, si kuvuka mlango-bahari wa Bosporus.

Mpekuzi: Hadithi hii imetungwa. Soko Kuu hufungwa Jumapili na Topkapı hufungwa Jumanne. Mkazi gani wa Istanbul asiyejua hayo?

Mgeni Njiani: Sikutunga, Mpekuzi. Ratiba aliiandika kwa mkono wake, na chini akaongeza kwamba tukikuta pamefungwa tutarudi nyumbani, tunywe chai na tuzungumze.

Mpekuzi: Naomba radhi. Kumbe mtunzi ni mwenyeji wako.

Kalamu Nyeusi: Anajua anachokifanya, tena amekuwa muungwana kuliko wengi wetu. Siku ya kwanza panda feri kutoka Eminönü hadi Kadıköy ukiwa na fedha mfukoni, hata kama ni nusu, na umkabidhi kabla chai haijamiminwa. Baada ya hapo utatembea popote bila kuomba ruhusa.

Mgeni Njiani: Nashukuru. Je, ikiwa Jumatatu haitakuwa vibaya? Jumamosi nimekwisha kukata tiketi ya kutembezwa kwa mashua.