Nyumba nzima wana korona, mimi dalili ninazo ila kipimo kinasema sina. Nimuuguze mama mkwe?

Mama Wawili (Dar es Salaam, Februari 2022)

Wapendwa habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa kwa mlio kwenye fani ya afya, maana hapa nyumbani hatuelewani.

Mume wangu alirudi safari ya kikazi Arusha akiwa na homa na koo. Akapimwa, akakutwa na UVIKO. Hazikupita siku nyingi mtoto wetu mkubwa naye akaanza, kisha dada wa kazi. Wote wamepimwa, wote wanayo. Mimi nililala na mume wangu chumba kimoja mpaka majibu yake yalipotoka. Sasa na mimi koo linawaka, kichwa kinagonga, viungo vinauma, usiku natetemeka. Nimepima kile kipimo cha haraka, hakuna kitu. Nikarudia kesho yake kituo kingine, hakuna kitu.

Shida ni hii: tunaishi na mama mkwe, ana miaka 71, ana sukari na presha. Yeye hana dalili na kipimo chake hakijaonyesha kitu. Tumemhamishia chumba cha uani chenye mlango wake. Ndugu wa mume wanasema kwa kuwa mimi sina, basi mimi ndiye nimpelekee chakula, nimchome insulini asubuhi na jioni, nimsaidie kuoga kwa sababu magoti yanamsumbua. Wifi amenipigia leo akaniambia nikikataa ni visingizio tu vya kumkwepa mama. Jamani, mama huyu alinilea uzazi wote wawili, na ndiyo maana naogopa kumpelekea ugonjwa.

Mimi na mama wote tulichanja Janssen mwaka jana. Bado nanyonyesha, mdogo ana miezi kumi.

Kipimo kinaweza kukosea? Au nina kitu kingine? Na kwa mama niingie au nisiingie?

Kisarawe Yetu

Pole sana dada. Usiingie. Huyo wifi kama haishi hapo na ni mzima, kwa nini asije yeye kumhudumia mama yake? Nauliza kwa nia njema.

Fundi wa Maabara

Pole mama. Kupima ndiyo kazi yangu, kwa hiyo ngoja nikueleze kinachotokea pale kwenye kile kidude.

Kipimo cha haraka kinatafuta protini moja ya kirusi, ile iliyozungushia vinasaba vyake kwa ndani. Mstari wa pili hautoki mpaka protini hiyo iwe nyingi kwenye ute uliochukuliwa. Shirika la Afya Duniani linakikubali kipimo cha aina hii kikikamata angalau watu 80 kati ya kila 100 ambao PCR, yaani kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi, imewakamata. Maana yake hata kipimo kilichofaulu kinaweza kuwaacha 20 waende zao. Upande wa pili kimebanwa zaidi: kati ya watu 100 ambao hawana, wasizidi 3 wa kuambiwa wanayo. Ndiyo maana mstari ukitoka tunauamini, lakini usipotoka, na mtu ana homa, na watu watatu wa nyumba moja wanayo, hatumwambii yuko salama.

Halafu kuna uchukuaji wa sampuli, na hapa ndipo panapoharibika mara nyingi. Vipimo vingi vya vituoni vinataka kijiti kifike nyuma kabisa, pua inapokutana na koo. Kijiti kinaingizwa kwa usawa wa kaakaa kuelekea sikioni, hakielekezwi juu kama watu wanavyodhani. Kikigota kinazungushwa, kinaachwa sekunde chache ndipo kinatolewa. Machozi lazima yakutoke. Kama alikuzungushia mlangoni mwa pua na kipimo chenyewe si cha aina hiyo, amepima kamasi tu. Na majibu yanasomwa kuanzia dakika 15, akisoma baada ya dakika tano atakuambia huna.

Kwa hiyo nikuulize: kijiti kilifika wapi, na ulipima siku ya ngapi ya kuumwa?

Mama Wawili

Asante sana kaka. Cha kwanza kiliishia hapa mbele, nikapiga chafya, akakitoa akasema inatosha. Cha pili kilifika mbali, nilitokwa machozi kweli. Ila siku hiyo ndiyo homa ilikuwa imeanza usiku wake.

Fundi wa Maabara

Basi cha kwanza tukiweke pembeni. Cha pili kilikuwa sahihi ila kiliwahi. Ukishachanja, mwili unaanza kupambana mapema, homa na koo vinaweza kutangulia kabla kirusi hakijajaa puani. Rudia baada ya siku mbili, au bora PCR, maana hiyo inazidisha vinasaba vya kirusi maradufu mzunguko hadi mzunguko, kwa hiyo hata kidogo inakiona.

Nesi wa Temeke

Nakubaliana na kaka wa maabara, lakini mama, malaria umepima? Naona kila mtu anakimbilia korona. Mtu yuko Dar, ana homa, anatetemeka usiku, viungo vinauma, na hakuna aliyemtoboa kidole! Kuwa na wagonjwa wa UVIKO nyumbani hakuzuii mbu kukuuma. Nenda kesho asubuhi, pima malaria, na uwaombe waangalie na dengi. Mwaka 2019 dengi ilitusumbua sana hapa Dar, na watu wengi walijitibu malaria isiyokuwepo. Kwa sasa kunywa panadoli tu. Usinunue diklopa wala ibuprofen duka la dawa mpaka ujue si dengi, kwa sababu dawa hizo zinaongeza hatari ya kutoka damu.

Mtoto endelea kumnyonyesha. Nawa mikono, vaa barakoa ukiwa naye kifuani. Kumwachisha ziwa sasa hivi utamnyima kinga anayoipata kwako.

Kuhusu mama mkwe: kinachomsumbua ni magoti, mikono yake ni mizima. Wengi wa umri wake wanajichoma insulini wenyewe wakifundishwa. Mwombe nesi wa kliniki yake ya sukari amwelekeze mara moja, tumboni, pembeni ya kitovu, akibadilisha sehemu kila siku. Kuoga, kiti cha plastiki na ndoo ya maji ya uvuguvugu, wifi amsaidie, wote na barakoa, dirisha wazi. Na mnunue kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Ikishuka chini ya 94 msisubiri aanze kuhema, nendeni hospitali. Wengine oksijeni inashuka huku wanaongea vizuri tu.

Babu Kihanga

Binti, jifukize. Mchaichai, mkaratusi na tangawizi. Sisi tulipona hivyo 2020.

Nesi wa Temeke

Babu shikamoo. Mvuke unafungua pua na hilo sikatai, lakini hauui kirusi, na wodini tumepokea watu wameungua uso na mapaja kwa sufuria la nyungu. Kwa mama mwenye mtoto mchanga anayetambaa, kikombe cha tangawizi kinatosha.

Mpemba wa Leicester

Asalaam aleikum. Huku Uingereza tuna vipimo vya bure vya kupimia nyumbani, na hali ya dada nimeiona kwa majirani wengi tangu Omicron iingie. Nataka kuongeza jambo ambalo halijasemwa: inawezekana kweli huna.

Mwezi huu wametoa matokeo ya jaribio la Imperial College hapa London. Vijana 36 wa miaka 18 hadi 30 waliojitolea, ambao hawakuwahi kuugua wala kuchanjwa, walidondoshewa kirusi puani makusudi. Walioambukizwa ni 18 tu. Nusu yao, na wamewekewa kirusi ndani ya pua! Kwa hiyo kulala chumba kimoja na mgonjwa si lazima uambukizwe. Na kwa walioambukizwa, kirusi kilionekana kooni kwanza, puani kikachelewa, kikafikia kilele kama siku ya tano. Ndiyo maana baadhi ya vipimo vya huku vinachukuliwa kooni kisha puani. Ila fuata maelekezo ya kipimo ulichonacho.

Mama Wawili

Nimerudi kuwapa mrejesho. Malaria hakuna, dengi hakuna. PCR nimefanya, majibu yametoka hasi nayo! Daktari amesema kwa dalili nilizonazo na hali ya nyumbani, nijihesabu ninayo, nikae mbali na mama hadi zipite siku 10 tangu dalili zianze, na juu yake siku tatu bila dalili yoyote. Harufu ya vitunguu siisikii tangu jana. Mume wangu ndiye aliyempigia dada yake akamsomea maneno ya daktari. Wifi amekuja na begi lake, yuko na mama. Mama anajichoma mwenyewe tangu leo asubuhi, oksijeni 97.

Swali la mwisho kwa kaka wa maabara: kuna siku nitajua kama nilikuwa nayo?

Fundi wa Maabara

Hiyo ya vitunguu inaniambia mengi kuliko karatasi. Ukitaka kujua, subiri wiki tatu au nne, utafute kipimo cha damu kinachoangalia kinga dhidi ya ile protini ya ndani niliyokueleza. Janssen inaufundisha mwili kuitambua miiba ya nje ya kirusi peke yake, kwa hiyo kinga ya protini ya ndani ikionekana kwako, imetokana na ugonjwa. Ungekuwa umechanja Sinopharm kisingekusaidia, maana hiyo ina kirusi kizima kilichouawa. Ila kikitoka hasi usikichukulie kuwa mwisho wa habari, wengine walioumwa kidogo hawatengenezi kinga hiyo ya kutosha kuonekana. Kwa sasa pesa hiyo ninunulieni vijiti vya kupimia sukari ya mama. Sukari hupanda mwili ukipambana na maambukizi, mpimeni mara nyingi zaidi ya kawaida wiki hizi mbili.