Muhogo mchungu: kwa nini kuuchemsha hakutoi sumu?

Mlangali: Wadau, naomba ufafanuzi. Muhogo mtamu tunachemsha na kula bila shida. Mchungu hata uchemke saa nzima bado unalevya, ila ukilowekwa na kuanikwa unatoa unga safi. Na kwa nini familia ikila ugali mmoja wanaoanza kutapika ni watoto?

Kimeng'enya: Mkuu, muhogo mzima hauna sayanaidi (ndiyo sumu yenyewe) huru ya maana. Una linamarini, aina ya sukari iliyofunga sayanaidi ndani yake. Kimeng'enya, yaani kichocheo asilia cha kuivunja, kipo kwenye kuta za seli, linamarini ipo ndani ya seli, hivyo havikutani mpaka uparuze, utwange au uloweke hadi ulainike. Vikikutana, inatoka haidrojeni sayanaidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, kwa hiyo juani inageuka mvuke na kupotea yenyewe.

Ukitumbukiza vipande vikubwa kwenye maji ya moto, unaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Linamarini haitishwi na moto wa jikoni: nyingine huingia kwenye maji, iliyobaki unaila, na bakteria wa utumbo wanaivunjia humo humo tumboni. Mtamu unapona kwa kuchemshwa kwa sababu tu una kidogo, chini ya mg 50 kwa kilo ya muhogo mbichi. Ukame huongeza kiasi hicho, kwa hiyo shamba lililokuwa salama mwaka jana usiliamini sana.

Dozi_kwanza: Kuhusu watoto, piga hesabu. Sayanaidi inaweza kuua kuanzia mg 0.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kikomo cha WHO kwenye unga ni mg 10 kwa kilo. Magharibi mwa Uganda, Septemba 2017, watu 98 waliugua na wawili wakafa; unga uliopimwa ulikuwa na kama mg 88 kwa kilo. Mtoto wa kilo 12 akila ugali wa gramu 100 za unga huo amepata mg 8.8, na kwake hatari inaanzia mg 6. Mtu mzima wa kilo 60 anaanzia mg 30.

Kasi nayo ina neno. Ini huigeuza sayanaidi kuwa thaiosayaneti ikatoka na mkojo, lakini kazi hiyo inataka salfa, na salfa inatoka kwenye protini: dagaa, maharage, mayai. Anayekula ugali mtupu wiki kwa wiki anaishiwa. Hapo ndipo konzo inapoingia: miguu inakakamaa ghafla na hairudi. Tarime iliikuta mwaka 1985, na Kongo na Msumbiji wanaijua vizuri.

Mlangali: Nimeelewa. Sasa unga umeshasagwa, nifanyeje?

Makopa: Utie kwenye beseni, weka alama unga ulipofika. Mimina maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Tandaza juu ya mkeka, unene usizidi sentimita 1, saa 2 juani au 5 kivulini. Songa ugali siku hiyo hiyo, la sivyo utaota ukungu.

Kwa muhogo mbichi: menya, kata, loweka siku 3 hadi 4 mpaka kipande kisagike kwa vidole. Penye baridi ongeza siku. Mwaga maji, vunjavunja, anika. Wanaoharibu ni wale wanaotoa siku ya kwanza wakawahi soko, au wanaoanika vipande vibichi kwenye jua kali: vikikauka haraka kimeng'enya kinakosa maji na linamarini inabaki ndani. Kisamvu nacho twanga kwanza, ndipo uchemshe bila kufunika.

Dozi_kwanza: Nyongeza: kizunguzungu, kutapika na kuhema haraka baada ya kula muhogo ni safari ya hospitali. Maziwa si dawa yake. Kule wana thaiosalfeti ya sodiamu, ambayo inalipa ini ile salfa.