Naomba ushauri: Nina PCB pointi 9, nataka kusoma udaktari

Habari zenu wakuu, na shikamooni kwa wakubwa.

Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB. Biolojia nina B, Kemia C, Fizikia D, jumla pointi 9. Kigezo cha chini cha MD (shahada ya udaktari) kwa sisi wa kidato cha sita nimekivuka, maana wanataka angalau D kwa kila somo katika hayo matatu. Lakini kuwa na sifa na kupata nafasi ni vitu viwili tofauti, hasa chuo cha Muhimbili, ambako wenye A wanagombania viti vilevile.

Wazo langu ni kuacha Muhimbili niombe vyuo vya Bugando, KCMC na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). Je, kwa hiyo D ya Fizikia nina nafasi kweli, au natupa hela za maombi? Mzee nyumbani anataka nirudie Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, niombe mwakani. Waliorudia, vyuo viliwachukuliaje?

Mama mdogo, ambaye ni nesi, anasema nianze na diploma ya utabibu, miaka mitatu, nikipata GPA nzuri niombe MD nikiwa tayari na leseni mkononi. Mimi naona njia ndefu, ila ada ya chuo binafsi bila mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) hatuiwezi.

Tafadhali msiniambie nikajitolee hospitali ili nionekane nina moyo. Hapa kwetu wanaangalia matokeo tu.

Mliopita njia hizi, mngekuwa mimi mngeanzia wapi?