Mama ana saratani ya kongosho: vidonge vya sukari pamoja na kemo, vipi?

Mwana_Tandahimba
Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Mama ana saratani ya kongosho, imeshafika kwenye ini. Anatundikiwa dripu ya jemsitabini, dawa ya kemo, huko Dar; hela ya korosho yote imeishia kwenye nauli na vipimo. Sasa shemeji kaleta sauti ya WhatsApp, eti metifomini, kidonge cha sukari, ukichanganya na kemo inamaliza uvimbe. Baba ana sukari, vidonge vimo kabatini. Juzi nimemkuta mama anavyo viwili kiganjani, kikombe cha maji kando. Nikampokonya. Hajanisemesha mpaka leo. Nimekosea?

Nesi_Chikongola
Hujakosea mdogo wangu, ila shemeji naye hakuokota jalalani. Mafaili ya wagonjwa wa saratani ya kongosho wenye sukari yalionesha wanaomeza metifomini wanaishi zaidi. Tatizo, aliyeishi muda mrefu ndiye aliyepata muda wa kuandikiwa hicho kidonge! Uholanzi wakapima kwa haki: wagonjwa 121 wa saratani ya kongosho iliyofika mbali, wote wako kwenye jemsitabini na erlotinibu, dawa nyingine ya saratani, nusu wakaongezewa metifomini, nusu vidonge bandia visivyo na dawa ndani. Majibu yalitoka 2015: hakuna tofauti. Waitaliano nao wakajaribu, ikawa vilevile.

Na mama hana sukari, au? Metifomini inakata hamu ya kula na inaharisha. Mgonjwa wa kongosho tayari kanga inamvuka kiunoni.

Babu_Mikindani
Mimi niliambiwa klorokwini, dawa ya malaria. Ile ile ya kutuwasha mwili mzima enzi zetu.

Nesi_Chikongola
Shikamoo babu. Ni ndugu yake, haidroksiklorokwini. Marekani waliipima pamoja na kemo kwa wagonjwa 112 wa saratani ya kongosho, matokeo 2019. Hapo pananiuma: uvimbe ulisinyaa kwa wengi zaidi, lakini waliofikisha mwaka hawakuongezeka. Picha nzuri, umri ule ule.

Mwana_Tandahimba, muulize mama choo kikoje. Kikielea, kina mafuta na kinanuka sana, mwambie daktari. Kuna vidonge vya vimeng'enya, vya kusaidia kusaga chakula, vya kumeza pamoja na mlo. Hivyo kazi yake inajulikana.

Mwana_Tandahimba
Dada umejuaje? Kinaelea, anamwaga ndoo mbili hakiendi. Alikuwa anaona haya kusema. Sukari hana. Tunaondoka Jumapili na basi la alfajiri, nimeandika yote kwenye daftari lake la kliniki, na vile viwili vya baba nimeviandika pia. Ngoja nikamsalimie, labda ataitikia.