Naomba ushauri: safari ya miguu katika msitu wa Oulanka, kaskazini mwa Finland

Ndugu zangu mnaoishi nchi za Nordiki, naomba ushauri wenu. Mimi na mdogo wangu tunakusudia kutembea njia ya Karhunkierros, yenye urefu wa kilomita 82 kutoka Hautajärvi hadi Ruka, ambayo sehemu yake kubwa hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Oulanka, karibu na mpaka wa Urusi.

Mito na madaraja ya kuning'inia hayanitishi. Kinachonipa mawazo ni maeneo ya kinamasi yaliyo kati ya misonobari, ambako mtu hupita juu ya mbao mbili nyembamba zilizolazwa sambamba, na mvua ikinyesha mbao hizo huteleza mno, hasa kwa aliyebeba mzigo mzito mgongoni. Je, viatu vya mpira virefu vinafaa kwa mwendo wa siku nzima, au ni heri buti za ngozi?

Pili, ni msimu gani bora? Julai mwanga haukatiki, lakini mbu ni wengi kupita kiasi. Septemba mbu hupungua na majani hugeuka mekundu na manjano, ila usiku huweza kuganda barafu. Mimi naelekea Septemba.

Mwisho, vibanda vya bure vya kulala havikodishwi kabla, na nasikia huwahi kujaa. Je, hema ni lazima? Aliyewahi kupita huko anieleze kwa kina, tafadhali.