Gereji wamenila laki tano na kumi kwa kosa la vishaba viwili (vipande vya shaba) vya elfu kumi na tano kwenye stata, ile mota ya kuwashia injini. Wakuu nina hasira

Habari za usiku wakuu. Nimekaa na hii kitu wiki nzima nikaona nisipoiandika sitalala. Gereji sitaitaja, ila wenye Noah old model someni mpaka mwisho maana haya yanawapata wengi na mnalipa kimya kimya.

Gari yangu ni Noah SR40, injini 3S, automatiki. Nabeba watoto wa shule asubuhi na jioni, ndo kazi inayolisha nyumba. Mwezi wa kwanza shule zimefungua tu, nikawa nageuza funguo nasikia TK, moja tu, kimya. Taa za dashibodi zinawaka vizuri kabisa, haziingii hata giza. Narudia tena TK. Mara ya sita au ya nane gari inawaka kama haijawahi kuumwa. Kuna siku nimegeuza mpaka mara kumi na tano wazazi wananipigia simu mtoto yuko getini.

Nikapeleka gereji. Fundi umeme hakutoa mita ya kupimia umeme, hakufungua boneti, kasikia tu ile TK akaniambia bosi wangu betri imekufa hiyo. Mi sio fundi, nikaamini, betri mpya 185,000. Nikasema naondoka na betri yangu ya zamani, akanuna kidogo ila akanipa. (Hilo la kuondoka na ya zamani lishikeni, nitalirudia.)

Siku mbili gari safi. Siku ya tatu TK.

Nikarudi. Sasa hivi wimbo umebadilika, eti alteneta haichaji ndo maana inaua betri, nikamuuliza mbona taa ya chaji haijawahi kuwaka kwenye dashibodi, akasema hizo taa za Toyota za zamani huwa zinadanganya. Alteneta used 110,000, ufundi 25,000. Wakuu alteneta nzima injini ikiwa imewashwa betri inasoma kama volti 13.8 mpaka 14.4, ni kugusisha mita kwenye tamino za betri sekunde tano tu umemaliza ubishi. SEKUNDE TANO. Hakugusa. Kafungua alteneta kafunga nyingine kachukua hela yangu.

Wiki haijaisha TK tena. Ndo sasa wakakumbuka kwamba kuna kitu kinaitwa stata. "Bosi hii stata imechoka, tukufungie used kutoka Japan, ikifika hapo umesahau." 160,000, ufundi 30,000. Stata yangu ya zamani nikamuuliza iko wapi akaniambia achana nayo hiyo ni chuma chakavu, niachie nitakutupia. Nikaacha. Nikajumlisha jioni na wife ikaja 510,000, hela ya ada ya mwanangu mwenyewe ilikuwa humo ndani.

Used ya Japan imefanya kazi wiki tatu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Temboni hapa Dar, nina watoto tisa ndani, nimezima injini nishuke nimvushe mmoja barabara maana Morogoro Road mnaijua ilivyo asubuhi. Narudi nageuza funguo, TK. Gari automatiki haisukumiki, malori yanapita sikio hili hapa, mtoto mdogo wa chekechea ameanza kulia. Mi mwenyewe mikono inatetemeka. Nawaza mmoja akifungua mlango wa upande wa barabara nitamwambia nini mama yake.

Akaja mzee mmoja alikuwa anasubiri daladala, ana begi la vifaa. Kaniuliza mwanangu inalia mara moja au inalia tktktktk? Nikasema mara moja mzee wangu. Taa zinafifia? Hazififii. Akasema basi betri haina kosa. Kaniambia weka P, vuta handibreki, akaingia chini ya gari na spana ya matairi, akagonga stata taratibu tu uku mi nimeshikilia funguo, ikapiga. Gari ikawaka. Akaniambia usizime mpaka umeshusha watoto wote, alafu Jumamosi njoo nayo. Hela kakataa.

Jumamosi nimekaa pembeni yake naangalia kila kitu, na hapa ndo nimejifunza na ndo hasira ilipopanda.

Kwanza mita kwenye betri, 12.6. Akasema geuza funguo, TK, mita ikashuka mpaka 12.4 tu. Akanigeukia, "unaona? Stata ikizungusha kweli inakunywa umeme mwingi, betri lazima ishuke mpaka kumi na kitu hivi. Ikishuka chini ya 9.6 hapo mlaumu betri. Hii haijashuka maana mota haijapata umeme kabisa." Kumbe hata ile tktktktk ya haraka haraka taa zikififia ndo dalili ya betri au tamino zilizolegea, na ile TK moja nzito taa zinawaka ni habari nyingine kabisa. Miaka yote naendesha gari sikujua hilo, na aliyepaswa kujua nimemlipa mara tatu.

Akaenda kwenye stata yenyewe. Kuna waya mwembamba unaotoka kwenye funguo, ule unaoiamsha solenoidi (swichi ya umeme iliyo kwenye stata), akapima uku nageuza, 11.8, maana yake swichi na relei na geya viko poa (angekuta hamna umeme pale angeniambia nijaribu kuwasha kwenye N, maana automatiki swichi ya P ikichoka inakataa kwenye P inakubali kwenye N). Boliti kubwa inayotoka betri, 12.4. Boliti ya pili, ile inayopeleka umeme ndani ya mota, SIFURI. Umeme unafika mlangoni haupiti. Akapima na athi (njia ya umeme kurudi negativu), toka kopo la stata, yani ganda lake la nje, mpaka tamino ya negativu, akasema hapo ikizidi nusu volti uku stata inazunguka ujue waya wa athi umeoza, ila utapimwa vizuri stata ikishapona. Baadae tukapima ikaja 0.2.

Dakika kumi wakuu. Dakika kumi na mita ambayo kila fundi umeme anayo.

Akafungua tamino ya negativu kwanza kabla hajagusa stata, akanisisitizia hilo sana maana ile waya nene kutoka betri ina umeme muda wote hata funguo ukiwa mfukoni na haina fyuzi, spana ikigusa bodi inakuwa moto. Kwa gereji nilimuona kijana anaunganisha zile boliti mbili kwa bisibisi cheche zinaruka, na injini ya Noah iko chini ya siti, bomba za petroli ziko pale pale.

Akaishusha stata, kifuniko cha solenoidi kina boliti tatu za spana namba 8. Ndani kuna pini yenye sahani ya shaba na springi, na vishaba viwili vimekaa pembeni. Ukigeuza funguo ile sahani inavutwa inagusa vyote viwili kwa pamoja, umeme unavuka kwenda kwenye mota. Ile TK ni hiyo sahani inagonga. Sasa kishaba cha upande wa betri kilikuwa kimeliwa, kimebaki kama ukucha, cheusi, kina shimo katikati, yani sahani inafika inagonga hewa. Cha pili kimebaki zaidi ya nusu. Ndo maana ukigeuza mara nyingi kuna siku sahani inajizungusha kidogo inapata sehemu ya kugusa gari inawaka, na ndo maana betri mpya "ilitibu" siku mbili. Bahati tu.

Vishaba viwili vipya 15,000. Kaboni (brashi za ndani ya mota) akazitazama akasema bado zina maisha. Ufundi 20,000. Funguo mara moja, VRUUM. Nikamletea na ile betri yangu ya zamani, ilikuwa nyumbani inawashia taa banda la kuku kwa sola, akaichaji akaifunga kwenye gari, ikapiga stata vile vile mara ya kwanza. Haikuwa na kosa lolote.

Ila kilichonifanya niandike ni hiki. Mzee alipokuwa anafuta grisi kwenye ile stata "used kutoka Japan" akanyamaza, akanionyesha. Vichwa vya zile boliti tatu vimeliwa na plaisi. Na pembeni ya kifuniko kuna silikoni nyekundu imepakwa kwa kidole, alama za kidole zinaonekana kabisa. Akasema mwanangu hii imeshafunguliwa hapa hapa mjini, hii sio ya kutoka kontena.

Kwahiyo naomba mnielewe ninachofikiria. Stata yangu niliyoambiwa chuma chakavu, wamefungua, wameweka vishaba vya elfu kumi na tano au wamevisugua tu na msasa, sa hivi iko kwenye shelfu inamsubiri mwenye Noah mwingine wamuuzie 160,000 kama used ya Japan. Na hii yangu ilikuwa ya mtu mwingine aliyeambiwa hivyo hivyo aiache watamtupia. Gari zenyewe za kati ya 1996 na 2001, zinazunguka stata zile zile kwenye gereji zile zile sisi ndo tunazinunua mara mbili mbili!!

Stata yangu naijua, aliyeniuzia gari aliipaka rangi ya kijani kwenye kopo. Kesho saa tatu naenda pale na mzee kakubali kunisindikiza, nataka stata yangu na nataka hela ya alteneta. Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) hawakunipa, nina kikaratasi cha mkono na meseji za malipo kwenye simu. Kuna mtu humu ameshapeleka kesi kama hii Tume ya Ushindani au polisi akiwa na meseji tu? Wanapokea? Naombeni majibu usiku huu huu kama mpo macho.